Kikao cha Siku ya Bamvua

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, siku hizi nasema naandika. Nikisema mimi ni mtaalamu wa bahari hunitazama viatu, kisha mikono, kana kwamba watapata chumvi. Ukweli ni kwamba tangu niajiriwe nimelowa maji ya bahari mara chache kuliko nilivyolowa jasho katika foleni ya feri. Kazi yangu ni karatasi. Naandika rasimu, rasimu inarudi. Naiandika tena, inarudi na alama nyekundu mahali ambapo jana palikuwa sawa. Jioni nafika nyumbani Bofu, huku Likoni, nimechoka hata kula, na sijabeba hata gunia moja. Jirani yetu mmoja mpakuzi wa bandarini aliwahi kuniuliza, "Wewe huchoshwa na nini, kalamu?" Nikamwambia ndiyo, kalamu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Chuoni, huko bara, tulisomeshwa misitu ya mwani ya bahari za baridi. Mwani mrefu kama minazi, umesimama wima kutoka chini mpaka juu ya maji, samaki wapita katikati yake. Niliipenda misitu ile kwa picha, nikaandika tasnifu nzima juu ya sheria zinazoilinda. Kisha nikarudi kwetu Likoni, na kwetu haipo. Maji yetu ni moto mno. Tulicho nacho ni majani mafupi ya kijani yaliyoota kwenye mchanga chini ya maji, kutoka karibu na ufuo mpaka kwenye mwamba unaovunja mawimbi. Watu wa kwetu huyaita mwani tu, kama waitavyo kila kitu kiotacho baharini, na hakuna anayeyatazama mara mbili. Lakini humo ndimo tafi na kamba wanamokulia, humo kasa hula, na mizizi yake ndiyo inayoushika mchanga usichukuliwe. Majani yale yalikuwa yakifa. Yalikuwa na vipara virefu, mahali pamebaki mchanga mtupu. Nikaajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja niandike kanuni za kuyaokoa.

Naishi na mamangu, vyumba viwili na ukumbi. Mamangu huchokora pweza. Ndiyo kazi yake tangu sijazaliwa, na ndiyo iliyonisomesha. Hana kalenda ukutani. Kalenda yake ni mwezi wa mbinguni. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji hutoka mbali sana, ndiyo bamvua hiyo, na mwamba wote huwa nje. Siku hizo nne au tano wanawake wa kwetu hushuka asubuhi na fimbo zao za chuma na mifuko, wakatafuta pweza mashimoni, wakarudi adhuhuri maji yanapojaa. Zikija siku za maji mafu, bahari haitoki vya kutosha, nao hukaa nyumbani. Hapo ndipo hufua, hulala, huenda kuzuru wagonjwa. Kwetu hata posa hupangwa maji mafu. Ukimwalika mwanamke wa pwani shughuli siku ya bamvua atakuja jioni, kachoka, kanuna, na atakukumbusha mpaka uzeeke.

Haya yote nayajua. Nimelelewa nayo. Nikiwa mdogo nilijua siku za kumkosa mama asubuhi kabla sijajua siku za wiki. Ndiyo maana sina pa kujificha katika habari hii.

Mkubwa wangu ofisini ni mtu wa bara, mpole, hapandishi sauti. Hupenda karatasi safi. Rasimu yangu ilipofika mahali pake penye uzito, kifungu cha kufunga sehemu moja ya ufuo mwaka mzima asitembee mtu kwa miguu maji yakitoka, aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Kwa nini miguu?" akaniuliza.

Nikamweleza. Nilikuwa nimepima vipara kwa kamba na vigingi, siku kadhaa, na kila penye kipara niliona nyayo mchangani karibu yake. Nilijumlisha nyayo na vipara, nikapata jibu. Lilikuwa jibu zuri, lina ramani na michoro.

"Na wanaotembea hapo ni kina nani?"

"Wanawake wa pweza," nikasema. Sikusema kwamba mmoja wao ndiye aliyenipikia chai asubuhi ile. Niliona kusema hivyo ni utoto. Nilitaka nionekane mtaalamu, si mtoto wa fulani.

"Basi tuchukue maoni ya wananchi," akasema. "Kanuni bila maoni ni barua tu. Nakupa wiki mbili."

Wageni wa makao makuu walitaka kuja wenyewe, wayaone hayo majani kwa macho yao. Basi nikafungua jedwali la maji kwenye simu, nikatafuta siku ambayo maji yatatoka mbali kabisa, saa za kazi, jua likiwa bado halijawa kali. Nikaipata: saa nne asubuhi, maji chini kabisa, majani yote nje yamelala kijani mpaka mwambani. Siku ya kuonyesha wageni haipatikani nzuri kuliko ile. Nikaiandika, nikajipongeza. Wallahi, nilijipongeza.

Matangazo nikabandika mwenyewe, moja ofisini kwa chifu, moja ukutani dukani, moja kando ya msikiti. Yaliandikwa kwa kile Kiswahili cha ofisi ambacho hata mimi niliyekiandika kilinichosha kukisoma. Mamangu hupita pale dukani kila siku. Hakuwahi kusimama kusoma, na mimi sikuwahi kumwambia asimame.

Asubuhi yenyewe tulikutana ukumbini, kila mtu mbioni. Yeye kashajifunga leso kiunoni, kavaa vile viatu vyake vya mpira vilivyotoboka. Mimi nafunga faili.

"Leo wang'ara," akaniambia. "Waenda wapi na viatu vya ofisi mapema hivi?"

"Nina kikao, mama."

"Haya, Mungu akufanyie wepesi." Akachukua mfuko wake akatoka. Nami nikashukuru, maana nilikuwa nimechelewa.

Turubai lilifungwa juu ya ufuo, viti vya plastiki vikajaa. Mzee wa mtaa alikuwapo, na kamati ya wavuvi ilikaa mbele, wanaume wa mashua na nyavu. Walikuwapo akina mama pia, wengi, na hilo lilinituliza roho: chama kimoja cha washonaji, na akina mama wa kanisani ambao waume zao hufanya kazi bandarini na viwandani Changamwe. Walikaa kwa adabu wakajipepea na karatasi zangu.

Kabla ya kuanza niliwateremsha wageni mchangani. Nilikuwa na raha siku ile, sitaki kudanganya. Nikawaonyesha majani, nikawaonyesha vipara, nikawapa kila mmoja unyasi aushike. Mbele kabisa, kwenye mwamba, kulikuwa na wanawake wameinama, leso zao zapepea. Walikuwa kama thelathini hivi. Mgeni mmoja, mama mwenye kofia pana, akatoa simu akawapiga picha.

"Wanafanya nini wale?"

"Wanachokora pweza," nikasema, na nikaeleza vizuri kabisa: kwamba ni kazi ya kurithiana, kwamba mwanamke aliyezoea hujua shimo lenye pweza kwa kuangalia magamba yaliyotupwa mlangoni. Akafurahi. Kisha akauliza swali la maana, pekee lililoulizwa siku nzima.

"Watakuja mkutanoni?"

Niliwatazama. Mwendo wa mamangu naujua hata kwa mbali. Hutembea kaegemea kushoto, goti la kulia liliteguka zamani. Nikamwona. Na hapo ndipo nilipojua nilichofanya, siyo baadaye, siyo usiku nikilala. Nilijua palepale, nimesimama na viatu vyangu mkononi. Kulikuwa na nafasi ya kusema: jamani, tumekosea siku, hawa ndio wenyewe, hawawezi kupanda sasa. Lakini turubai lilikuwa limefungwa. Wageni walikuwa wametoka mbali. Nilikuwa na wiki mbili, na hii ilikuwa ya pili.

"Wamewakilishwa," nikasema.

Tukapanda juu. Kikao kilikwenda kama vikao vinavyokwenda. Mtu wa kwanza alilalamikia mifereji ya maji ya Bofu inayokauka. Wa pili akasema kama ofisi inajali mazingira, mbona haiendi Mwakirunge kwanza ikaone lile jaa la taka. Nikamwambia nitalifikisha, nikaandika. Mwenyekiti wa kamati ya wavuvi akasimama akasema wao wavuvi wanaunga mkono kifungu kile mia kwa mia, na watatoa walinzi wao wenyewe. Wavuvi wote wakapiga makofi. Nilipaswa kujiuliza ni lini mvuvi amewahi kushangilia marufuku. Sikujiuliza.

Mama mmoja mshonaji akainua mkono. "Na wale walioko huko chini, wanasemaje?"

Mzee wa mtaa akajibu kabla yangu, kwa sauti ya kufunga mlango: "Asiyekuwapo na lake halipo." Watu wakacheka kidogo. Mimi nikainamisha kichwa nikaandika. Nilipomaliza, mstari wangu ulisema hapakuwa na pingamizi. Watu wakatia sahihi, wakanywa soda na mahamri, wakaenda zao.

Mamangu alirudi na pweza watatu. Akawapiga kwenye jiwe uani, akawapika kwa nazi, akaniita nile. Nilikula. Aliniuliza kikao kilikwendaje, nikasema vizuri. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, ya kukaa na mtu mnakula sinia moja na hajui umemfanyia nini.

Siku mbili baadaye nilikwenda kwa mkubwa wangu. Nikamweleza bamvua ni nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole ule wake.

"Tangazo lilibandikwa?"

"Lilibandikwa."

"Kwa siku zinazotakikana?"

"Ndiyo."

"Basi sheria imeridhika." Akanitazama kwa huruma kidogo. "Ukikataa kumbukumbu ulizoandika mwenyewe, zile utakazoandika kesho atakuamini nani? Wewe ni mgeni katika kazi hii. Usijichome mapema."

Ningebishana. Watu hupenda kusikia kwamba ulibishana. Sikubishana, nilikuwa nimechoka, na ndani yangu kulikuwa na sauti ikisema majani yanakufa kweli, na mwaka mmoja si milele. Nikarudi mezani. Rasimu ikaenda juu, nami nikaanza kuandika nyingine, ya mikoko.

Ilichukua miezi. Halafu Jumamosi moja ya bamvua, mimi niko nyumbani nafua, mamangu akarudi saa nne na nusu. Saa ile hata maji hayajaanza kujaa. Mfuko wake ulikuwa mtupu na leso yake kavu. Akakaa kizingitini, akaniita.

"Abee, mama."

"Kuna bango kule chini. Na kuna kijana wa kamati na filimbi. Atwambia tumefungiwa mwaka mzima." Alisema polepole, bila hasira. "Nikamuuliza ni nani katufungia. Akacheka, akanambia, kamuulize mwanao, yeye ndiye mwenye sheria. Mbele ya wenzangu. Nikamwambia wewe mwongo, mwanangu hawezi kufanya jambo kama hilo nami nisijue."

Povu la sabuni lilikuwa likinikaukia mikononi. "Ni kweli, mama," nikasema.

"Bango lasema tuliulizwa, tukakubali."

"Imeandikwa hivyo."

"Tuliulizwa lini?"

Nikamtajia siku. Akahesabu kwa vidole, kurudi nyuma mwezi hata mwezi, midomo yacheza. Akakoma kwenye kidole kimoja.

"Mwezi kumi na tano, mwezi mpevu," akasema. "Waliweka kikao mwezi kumi na tano, saa nne? Ni nani huyo mjinga asiyejua hata..."

"Ni mimi, mama."

Nilitamani anitukane. Mamangu ana ulimi, akikukasirikia mtaa mzima hujua, nami ningeupokea wote. Yeye akavua kiatu kimoja, akakung'uta mchanga, akakivaa tena.

"Mwatufungia kwa sababu gani?"

Nikamweleza kuhusu majani. Vipara, nyayo, ramani. Nilimweleza kama nilivyowaeleza wageni, na kila neno likanitoka mdomoni likiwa zito zaidi ya lile la kabla yake.

"Sisi hatukanyagi mwani," akasema.

"Nyayo zipo, mama, nimeziona."

"Umeziona wapi? Juu ya mwani au mchangani?"

Nikafikiri. "Mchangani."

"Ehe. Nani mwenye akili zake akanyage mwani? Mna miiba myeusi mle, mna samaki mwenye sumu ajifanyaye jiwe. Bibi yako alinichapa kwa kukanyaga mwani. Sisi twafuata mchanga mpaka mwambani, na kipara kikiwapo twapita kwenye kipara, ndiko salama. Pweza akaa jiweni, hakai kwenye mwani. Vipara vile si miguu, mwanangu. Ni juya. Wale wa kamati huja na wavu wao mrefu maji yakijaa, wauburura mpaka ufuoni, na wavu wang'oa kila kitu. Kila mtu ajua."

Nilikaa chini pale uani, kwenye maji ya kufulia. Nilikumbuka makofi ya wavuvi. Nilikuwa nimepima vipara vile kwa sentimita. Vyote vilikuwa vimenyooka kutoka baharini kuja ufuoni, upana mmoja, kama njia ya kitu kilichoburuzwa, na nilikuwa nimechora hivyohivyo kwenye ramani yangu bila kuona nilichokichora.

"Ungeniuliza," mamangu akasema. "Nalikuwa chumba cha pili."

Jumatatu niliandika barua. Niliandika kwamba kikao kiliwekwa siku ambayo wahusika hawawezi kuja, kwamba niliyekiweka ni mimi, kwamba wahusika nilikuwa nawaona kwa macho yangu nikasema wamewakilishwa, na kwamba sababu ya kifungu chenyewe si sahihi. Nikatia jina na sahihi. Mkubwa wangu aliisoma, akavua miwani, akasema mwaka ukiisha kanuni itapitiwa upya na barua yangu itasomwa wakati huo. Ameiweka kwenye faili. Kuhusu mkataba wangu hakusema kitu, nami sikumuuliza. Tangu hapo huniita mezani kwake mara chache.

Wanawake walikaa nyumbani bamvua moja tu. Ya pili walianza kushuka wawili watatu, ya tatu wakashuka wote. Kijana wa filimbi hupuliza kidogo halafu huchoka. Mmoja wa wale wanawake ni shangazi yake. Bango bado lipo, wao hulitundikia kanga na mikoba. Wavuvi nao waendelea na juya lao. Kusema kweli, kwa upande wa bahari, nilichoandika hakijabadilisha chochote.

Mamangu peke yake hajashuka. Nimemwambia aende. Nimemsihi. Nimemwambia mimi mwenyewe niliyeiandika nasema haifai, na wenzake hupita mlangoni asubuhi wakamwita, na fimbo yake iko palepale nyuma ya mlango.

"Siendi," hunijibu. "Nikishikwa mimi, watu watasema mamake ndiye wa kwanza kuivunja sheria ya mwanawe. Utaonekanaje kazini?"

Leo ni bamvua. Nimeondoka nyumbani saa mbili asubuhi, nimemwacha amekaa ukumbini, kajifunga leso kiunoni kwa mazoea, achambua mchele.